Shajara ya mradi: jeli inalegea kwa maji kutoka, au kwa mafundo kufunguka?

11 Januari 2025: Lengo, na mashine ilivyo

Bonyeza kipande cha jeli mpaka kimo chake kipungue asilimia 10, kisha kifungie hapo hapo, usiongeze wala usipunguze. Sekunde ya kwanza jeli inasukuma kwa nguvu zake zote. Dakika moja baadaye inasukuma kidogo, na saa moja baadaye pengine imebaki nusu. Hakuna kilichosogea, lakini mkazo umepungua. Kupima kulegea huko si kazi kubwa: chahitajika kitu cha kubonyeza, kitu cha kupima nguvu, na saa.

Kazi ni kujua mkazo umekwenda wapi. Jeli ni wavu wa molekuli ndefu uliojaa maji, kwa hiyo ina njia mbili za kulegea. Mafundo yanayoushika wavu yanaweza kufunguka na kujifunga upya mahali pasipo na mvutano. Au maji yanabanwa yakatoka, na wavu unatulia ukiwa umebeba maji machache. Kwenye grafu njia zote mbili huchora mkunjo ule ule unaoteremka. Mradi huu ni wa kuzitenganisha kwa kifaa cha kuundwa mezani.

Nitakachokitegemea ni ukubwa wa kipande. Fundo halijui kama liko ndani ya silinda nyembamba au nene, hivyo muda wake wa kufunguka ni ule ule. Maji yanajua, maana lazima yasafiri hadi ukingoni, na muda wa safari hiyo hukua kwa mraba wa umbali: ni wa kiwango cha R²/D, R ikiwa nusu ya kipenyo na D kigezo cha jeli yenyewe. Wavu ukiwa mgumu na vitundu vyake vikiwa vikubwa, D nayo ni kubwa. Maurice Biot aliweka hesabu hizi mwaka 1941 akiwaza udongo uliojaa maji na kulemewa na mzigo; Toyoichi Tanaka na wenzake wakaipima D ya jeli mwaka 1973 kwa kutazama mwanga unavyotawanyika ndani yake. Kwa hiyo: kata silinda za vipenyo tofauti kutoka jeli moja. Kipenyo kikiongezeka maradufu na muda ukawa mara nne, ni maji. Muda usipobadilika, ni mafundo.

Mashine: fremu ya alumini, skrubu ya kuendeshea iliyosimama wima, mota ya hatua yenye hatua 200 kwa mzunguko, sahani ya juu inayoshuka na sahani ya chini iliyokaa juu ya kipima-mzigo cha kilo moja. Chipu ya HX711 inasoma kipima-mzigo mara 10 kwa sekunde, na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) inapeleka namba kwenye kompyuta. Kipima-mzigo kilichaguliwa kwa hesabu: jeli yenye ugumu wa kilopaskali 20, silinda ya kipenyo cha mm 20, ikibonyezwa asilimia 10, husukuma kwa nyutoni 0.63, yaani kama uzito wa gramu 64. Cha kilo tano kingetosha kwa mzigo lakini kingepoteza vipande vidogo kwenye kelele, yaani kuyumbayumba kwa namba kusikotoka kwenye jeli.

19 Januari: Springi ya chuma nayo inalegea

Kabla ya jeli yoyote, mashine ilipewa kitu kisicholegea. Springi ya chuma ikibonyezwa kwa joto la chumbani inapaswa kukaa pale pale, hivyo mteremko wowote utakaoonekana ni wa mashine.

Springi ya kwanza ilikuwa ndefu na laini, ikabonyezwa mm 10. Grafu ilikuwa safi kama kioo, na ingekuwa rahisi kuendelea. Lakini fikiria kilichopimwa. Fremu ikijipinda mm 0.05 ndani ya saa moja, kwa springi iliyobonyezwa mm 10 hiyo ni nusu asilimia tu, haionekani. Kwa jeli yenye kimo cha mm 10 iliyobonyezwa mm 1, kujipinda kule kule ni asilimia 5. Springi laini huitakasa mashine bure. Ya majaribio lazima iwe na ukakamavu wa jeli yenyewe, hapa kama nyutoni 0.6 kwa kila milimita.

Ilipowekwa springi fupi ya ukakamavu huo, mkunjo ulishuka vizuri sana, mteremko mrefu wa kupendeza ambao ungepita kirahisi kama jeli. Vipande vilitolewa kimoja kimoja na springi kupimwa upya kila mara. Wakosaji wakubwa walikuwa wawili: mabano ya plastiki yaliyochapwa kwa printa ya 3D, na gundi ya moto iliyoshika sahani ya chini. Plastiki ikikaa chini ya mzigo hutambaa polepole, gundi ya moto hutambaa haraka zaidi. Kwa maneno mengine, mashine ya kupimia vitu vinavyolegea ilikuwa imejengwa kwa vitu vinavyolegea.

Mabano yakawa ya alumini, gundi ikaondoka na bolti zikaingia. Mteremko wa springi sasa ni chini ya asilimia moja kwa saa, na uliobaki unafuata joto la chumba.

Gharama: mabano yote ya mwanzo yalitupwa, na muda uliotumika hapa ni mrefu kuliko wa kujenga mashine nzima. Ukifuata shajara hii, ruka plastiki tangu siku ya kwanza.

2 Februari: Mota inapasha moto

Mota ya hatua hushika nafasi yake kwa kupitishiwa umeme hata ikiwa imesimama, na umeme huo hugeuka joto. Nguzo ya alumini ya mm 300 ikipanda nyuzi 5 hurefuka karibu mm 0.035. Kwa mbonyeo wa mm 1 hiyo ni zaidi ya asilimia 3, na inakuja polepole kwa muda wa nusu saa, sawa kabisa na mwendo wa kitu tunachokitafuta.

Jaribio la kwanza: kukata umeme mara tu sahani inapofika. Joto likaisha, ila kila mara umeme ulipokatwa nguvu iliruka ghafla. Sababu ni kwamba mota ilikuwa ikiendeshwa kwa visehemu vya hatua. Umeme ukiondoka, rota huangukia kwenye hatua kamili iliyo karibu. Skrubu ya awali ilikuwa na mwendo wa mm 8 kwa mzunguko, yaani mm 0.04 kwa hatua, kwa hiyo mruko unaweza kufika mm 0.02.

Tiba ilikuwa ya sehemu mbili. Skrubu ilibadilishwa, ikaja ya mm 2 kwa mzunguko, ambapo hatua kamili ni mm 0.01 na uzito wa sahani hauwezi kuizungusha kurudi nyuma. Kisha programu ikaagizwa isimame kwenye hatua kamili tu kabla ya kukata umeme. Mruko umetoweka. Gharama: skrubu mpya na nati yake, ile ya zamani haina kazi humu tena.

16 Februari: Ute wa boraksi, na kasi ya kubonyeza

Sasa kinyume cha springi: kitu kinacholegea haraka, ili kuona mashine inafika wapi upande wa sekunde. Myeyuko wa PVA (polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini) ukitiwa boraksi hugeuka ute mzito. Mafundo yake ni ya boraksi kushika minyororo miwili kwa pamoja, na yanafunguka na kufunga muda wote. Ute wa namna hii hukaribia sana kitu rahisi alichokiandika mwanafizikia Maxwell mwaka 1867: mkazo unashuka kwa muda mmoja tu, ambao ni mnato ukigawanywa kwa ugumu.

Kasoro mbili zilijitokeza. Ya kwanza, kusoma mara 10 kwa sekunde hakutoshi. Mkunjo wote ulikuwa na nukta chache. HX711 inaweza kusoma mara 80, ila bodi nyingi zinazouzwa tayari zimeifunga pini ya kasi kwenye ardhi ya saketi. Inabidi kuinua pini hiyo na kuiunga kwenye umeme chanya. Bodi moja ilipoteza pini katika zoezi hilo. Bodi ya pili ilifaulu. Kasi ya 80 ina kelele zaidi, kwa hiyo programu inaitumia dakika ya kwanza peke yake, kisha inakusanya wastani wa vipindi vinavyozidi kurefuka.

Kasoro ya pili ni muhimu zaidi. Nguvu ya kilele ilibadilika kulingana na kasi ya kushuka kwa sahani. Ukishuka kwa sekunde mbili kwenye ute unaolegea kwa sekunde moja, sehemu kubwa ya mkazo imekwisha kabla hujafika, na unachokiita mwanzo ni katikati. Kanuni ya kawaida ni kutoamini data mpaka upite muda mara kumi ya ule wa kubonyeza. Mashine sasa inabonyeza mm 1 kwa nusu sekunde, hivyo sekunde 5 za kwanza zinachorwa kwa rangi hafifu na haziingii kwenye hesabu.

1 Machi: Jelatini, na umri wake

Jelatini asilimia 10 kwa uzito: loweka kwenye maji baridi, pasha hadi nyuzi 60 hivi, mimina kwenye mirija, acha igande. Kubonyeza asilimia 5 na asilimia 10 kunatoa mikunjo inayolingana ukigawanya kila mmoja kwa nguvu yake ya mwanzo, kwa hiyo bado tuko kwenye eneo ambapo majibu yanakwenda sawia na mbonyeo. Hadi hapo salama.

Kisicho salama: silinda za sufuria moja hazikukubaliana. Iliyopimwa asubuhi ilikuwa laini na ililegea sana. Iliyopimwa jioni ilikuwa ngumu zaidi, na ya kesho yake ngumu kuliko zote. Mashine ilishukiwa kwanza, springi ikarudishwa, springi ikasema mashine ni nzima. Basi ni jelatini. Mafundo yake ni vipande vifupi ambamo minyororo mitatu inajisokota pamoja, na usokotaji huo hauishi jeli inapoganda. Unaendelea kwa saa na siku nyingi, ukipungua kasi bila kufika mwisho. Hakuna "jelatini iliyokamilika", kuna jelatini ya umri fulani.

Tiba ni nidhamu tu: kila silinda inapimwa ikiwa na umri wa saa 24, imekaa kwenye joto lile lile tangu kumiminwa. Joto lina uzito hapa kwa sababu jelatini huyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, na ukiikaribia joto hilo kulegea kunaongezeka kasi sana. Taa iliyokuwa ikimulika sahani imehamishwa. Silinda zote za awali zimefutwa kwenye data. Jelatini pia huoza, kwa hiyo usipange kutumia sufuria moja kwa wiki nzima.

15 Machi: Kukauka, na maji yanayojifanya jeli

Jaribio la saa moja hewani linakausha ukingo wa silinda. Ngozi ngumu inaota na kipenyo kinapungua. Kwa swali letu hili ni balaa, maana maji yanatoka kwa sababu isiyohusiana na mkazo. Sahani ya chini iliwekewa bakuli la maji.

Grafu ya usiku mzima ilionyesha jambo la ajabu: nguvu ilishuka kwa mstari ulionyooka, saa baada ya saa, bila dalili ya kutulia, na mwishowe ikapita chini ya sifuri. Jeli haiwezi kuvuta sahani ambayo haikugundishwa. Kumbe bakuli lote lilikuwa juu ya kipima-mzigo, na maji yalikuwa yakikauka. Kila gramu ya maji iliyoondoka ilisomwa kama gramu ya kulegea. Kwa jeli inayosukuma gramu 64, kupoteza gramu chache za maji kunatosha kubuni fizikia mpya.

Kipima-mzigo kimehamia juu. Kinaning'inia kwenye sehemu inayoshuka, na sahani ya juu inashikwa na fimbo nyembamba ya chuma cha pua. Bakuli liko chini kwenye fremu, hata likikauka nusu halisomwi. Kilichobaki ni fimbo kuelea kidogo: kwa kipenyo cha mm 6, maji yakishuka mm 5 kosa ni kama gramu 0.14. Kifuniko chenye tundu juu ya bakuli kinapunguza hata hilo.

Jambo moja kuhusu kuloweka. Jeli ikitiwa majini ikiwa bado inataka kunywa, itavimba wakati wa jaribio na nguvu itapanda. Iloweke kabla, uipime uzito mara kwa mara, na uanze pale uzito unapotulia. Agari, jeli itokanayo na mwani, hutulia upesi. Jelatini huendelea kunywa kwa muda mrefu mno, kwa hiyo yenyewe inapimwa ndani ya mafuta ya silikoni badala ya maji. Mafuta hayaingii wala hayaruhusu maji kutoka, na hilo litakuwa na faida kubwa baadaye.

5 Aprili: Agari inajibu mara moja

Agari asilimia 2, ikayeyushwa karibu na kiwango cha kuchemka, ikagandishwa. (Inaganda chini ya nyuzi 40 lakini haiyeyuki tena mpaka karibu 85, hivyo joto la chumba haliisumbui hata kidogo.) Mbonyeo wa asilimia 10 uliipasua silinda ya kwanza, kwa hiyo agari yote inapimwa kwa asilimia 5. Sahani ni za kioo, ili silinda iteleze kando badala ya kuvimba tumbo kama pipa.

Silinda mbili kutoka bamba moja, kimo mm 10, vipenyo mm 10 na mm 20. Nyembamba ilimaliza nusu ya mteremko wake kwa dakika 3 hivi. Nene ilichukua dakika 12 na kidogo. Mara nne.

Kabla ya kushangilia, kipimo cha kinyume: kipenyo kile kile cha mm 10 lakini kimo cha mm 20. Ikiwa maji yanatoka kando, kwa vile kioo hakipitishi kitu, kimo hakipaswi kubadilisha muda. Hakikubadilisha. Jaribio hili halichukui nafasi kubwa na lisirukwe. Bila hilo mtu anaweza kudai kwamba silinda nene ni polepole kwa sababu yoyote nyingine ya "ukubwa".

Jelatini ilipopitishwa kwenye zoezi hilo hilo, vipenyo viwili vilitoa mkunjo mmoja kwa saa nzima. Inaeleweka: vitundu vya wavu wake ni vidogo sana kuliko vya agari, D yake ni ndogo, na maji hayana nafasi ya kutoka mbali ndani ya saa moja hata yakiruhusiwa. Kinachoilegeza jelatini katika muda huo ni mafundo.

26 Aprili: Aljineti inakataa kuwa sawa ndani na nje

Aljineti, nayo ya mwani, inashikwa na ayoni za kalsiamu. Njia inayoonekana rahisi ni kumimina kloridi ya kalsiamu juu ya myeyuko, na ndiyo iliyoharibu bamba zote za mwanzo: tabaka la juu hushikana papo hapo, linakuwa ngozi, na chini yake hubaki uji. Silinda iliyokatwa humo ni jeli mbili zilizoshonwa pamoja, na mkunjo wake hausemi lolote.

Kinachofanya kazi ni kuificha kalsiamu ndani na kuiachia taratibu. Kwa mililita 100 za aljineti ya asilimia 2: gramu 0.3 za unga laini wa kalsiamu kaboneti, ukorogwe mpaka usambae, kisha gramu 1.07 za glukono-delta-laktoni iliyoyeyushwa dakika hiyo hiyo. Laktoni hugeuka asidi polepole, asidi inayeyusha kaboneti, kalsiamu inatoka kila mahali kwa wakati mmoja. Uwiano huo ni molekuli mbili za laktoni kwa moja ya kaboneti, ambao huacha mchanganyiko bila asidi ya ziada. Acha aljineti itulie usiku kucha kabla ya kutia chochote, la sivyo mapovu ya ukorogaji yatagandia ndani. Laktoni haisubiri: mimina mara moja kwenye kalibu.

Bamba lilitoka sawa tangu juu hadi chini. Uloweke kwenye maji yenye kalsiamu kidogo, si maji matupu, ili mafundo yasipungue wakati wa kungoja.

Matokeo ya vipenyo viwili hayakuwa ya agari wala ya jelatini. Dakika za kwanza mikunjo miwili ilikaa juu ya mmoja. Kisha ikaachana, nene ikabaki juu, na mikia yake ikatofautiana kwa mara nne au karibu na hapo. Kwa silinda nene jaribio linavuka saa mbili, kwa hiyo pangilia.

10 Mei: Mafuta yanafunga mlango

Kama mwanzo ni mafundo na mkia ni maji, basi kuyazuia maji kunapaswa kuukata mkia na kuuacha mwanzo. Silinda za aljineti zilifutwa juu juu kwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta ya silikoni.

Mwanzo ulibaki kama ulivyokuwa, mkia ulitoweka. Vipenyo viwili sasa ni mkunjo mmoja hadi mwisho. Agari ndani ya mafuta ilishuka sehemu ndogo tu ikasimama. Inafaa kusisitiza kwamba majaribio haya mawili, la ukubwa na la mafuta, hayategemeani: moja linabadilisha umbali wa safari, jingine linafunga mlango. Kukubaliana kwao kuna thamani kuliko kurudia lolote kati yao.

Hasara: silinda iliyoingia mafutani hairudi majini, kwa hiyo kila jaribio linakula silinda mbili. Na kioo lazima kioshwe kwa sabuni mpaka maji yatandae juu yake bila kukusanyika matone. Filamu ya mafuta iliyosahaulika ilibadilisha utelezi na kupoteza kundi zima la agari.

24 Mei: Kuchora badala ya kulazimisha fomula

Kishawishi ni kuipa data jumla ya mikunjo ya Maxwell, mitatu, minne, na kuorodhesha muda wa kila mmoja. Ilijaribiwa kwenye jelatini. Mitatu ililingana vizuri, minne ililingana vizuri, na muda za orodha ya kwanza hazikufanana na za pili. Kuondoa dakika chache za data mwishoni kulizibadilisha tena. Akili nyingi huondoa maarifa: fomula yenye vigezo nane hulingana na mteremko wowote ule, na vigezo vyake havina maana ya kudumu.

Fomula ya Kohlrausch, aliyoitumia mwaka 1854 kwa chaji inayobaki kwenye chupa ya Leyden (chombo cha zamani cha kuhifadhi umeme), inadai kidogo zaidi ya Maxwell: muda mmoja na kipeo kimoja, na kipeo kikiwa 1 unarudi kwa Maxwell. Ute wa boraksi unakaa karibu na 1. Jelatini inakaa mbali chini, na kwenye skeli ya logi ya muda inateremka karibu kwa mstari ulionyooka, bila muda wowote mmoja wa kutajwa. Hilo lenyewe ni jibu: mafundo yake hayafanani, mengine yanaachia kwa sekunde na mengine kwa saa.

Kilichosaidia zaidi ni grafu mbili bila fomula. Ya kwanza: nguvu ikigawanywa kwa nguvu ya mwanzo, dhidi ya muda. Ya pili: nguvu hiyo hiyo dhidi ya muda uliogawanywa kwa R². Jelatini za vipenyo vyote huangukiana kwenye ya kwanza na kutawanyika kwenye ya pili. Agari hufanya kinyume. Aljineti huangukiana mwanzoni kwenye ya kwanza na mwishoni kwenye ya pili, na mahali inapoachana ndipo maji yanapoanza kuongoza. Mtu akikuonyesha kulegea kwa jeli kwa kipenyo kimoja tu, huwezi kujua yuko kwenye grafu ipi.

14 Juni: Gololi badala ya silinda

Kukata silinda ni kazi ya mikono, na kila kipenyo ni kipande kingine. Mwaka 2010 Yuhang Hu, Xuanhe Zhao, Joost Vlassak na Zhigang Suo walionyesha kwamba kubonyeza jeli kwa ncha hutoa jibu lile lile kwenye bamba moja, kwa kubadilisha kina. Sahani ya juu imeondolewa na mahali pake kukawekwa gololi ya chuma cha pua, kipenyo mm 12, ikizama kwenye jeli yenye unene wa mm 30.

Kwa gololi, mraba wa nusu kipenyo cha mguso ni sawa na nusu kipenyo cha gololi mara kina. Kina cha mm 0.5 kinatoa mm² 3, kina cha mm 1 kinatoa mm² 6. Kina kikiongezeka maradufu, muda wa maji nao unaongezeka maradufu tu, si mara nne. Silinda ya mm 20 ilikuwa na mm² 100, kwa hiyo aljineti iliyohitaji saa sasa inahitaji dakika.

Tatizo lilikuwa kujua gololi imegusa lini. Kosa la mm 0.1 kwenye kina cha mm 0.5 ni asilimia 20, na majaribio ya mwanzo yalitofautiana kwa kiasi hicho hicho. Tiba ni ya mwanafizikia Hertz, 1882: nguvu hukua kwa kina kilichopandishwa kipeo cha 1.5. Chora nguvu kwa kipeo cha theluthi mbili dhidi ya mwendo wa skrubu wakati gololi inashuka. Inakuwa mstari, na pale mstari unapokata sifuri ndipo mguso ulipo. Fanya hivyo gololi ikiwa tayari ndani ya maji, ama sivyo ngozi ya maji huivuta kabla haijagusa.

Njia hii ina zawadi ambayo silinda hazikuitoa. Ikiwa ni maji peke yake yanayotoka, nguvu ya mwanzo ikigawanywa kwa nguvu ya mwisho ni 2(1−ν), ν ikiwa uwiano wa Poisson (kadiri kitu kinavyotanuka kando kikibonyezwa) wa wavu ulioachiwa maji yake. Agari ilitulia kwenye 0.65 ya nguvu ya mwanzo, yaani ν ya 0.23 hivi, na vina viwili vilikubaliana. Kwa wavu ambao ν yake haiko chini ya sifuri, uwiano huo wa nguvu hauzidi 2, hivyo maji peke yake hayawezi kuishusha nguvu chini ya nusu. Aljineti ilipita nusu na kuendelea hadi theluthi moja, kwa kina cha mm 0.5 na cha mm 1 vilevile.